Tusukume Ardhi, Tupate Nguvu
(Mazungumzo na wanakisomo wa Segese)

Leo tunazungumza juu ya kusukuma. Msicheke. Kwa Kisukuma, sukuma ni kaskazini. Lakini kwa Kiswahili ni kazi ya kifua, mabega na mikono.

Wakati wa mavuno yaliyopita tulipakia gunia la mahindi kwenye baiskeli. Tulipofika kwenye mwinuko, mikono ikalegea. Baiskeli ikarudi nyuma, gunia likapasuka, mahindi yakamwagika. Kuku wa watu wakashiba, sisi tukapata hasara. Tukajiuliza: tunashika jembe kila siku, mbona kusukuma kumetushinda?

Jibu ni hili. Jembe huvuta udongo. Hutumia zaidi misuli ya mgongo. Misuli ya kifua na ya nyuma ya mkono, ambayo ndiyo ya kusukuma, hupata kazi kidogo. Na msuli usiopewa kazi hunyong'onyea.

Basi tupige pushapu. Hatununui kitu. Tutapanda ngazi tatu:

1. Ukutani. Simama hatua moja kutoka ukutani. Weka viganja usawa wa kifua. Kunja viwiko polepole, kisha sukuma urudi.

2. Magotini. Weka magoti na viganja chini. Shusha kifua karibu na ardhi, kisha sukuma.

3. Vidoleni. Mwili unyooke kama ubao, tumbo lisibonyee. Hapo mikono hubeba karibu theluthi mbili ya uzito wako. Mwenye kilo 60 husukuma karibu kilo 40!

Anza mara 5, pumzika, rudia. Toa pumzi unaposukuma. Ukifika mara 15 bila taabu, panda ngazi. Siku 2 au 3 kwa wiki zatosha, maana msuli hujengeka ukipumzika. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wazima, wake kwa waume, waimarishe misuli angalau siku 2 kwa wiki. Tena ugali peke yake haujengi msuli. Tule maharage, karanga na dagaa.

Msuli kuuma kidogo kesho yake si kitu. Lakini kifua kikibana au ukipata kizunguzungu, acha mara moja, nenda zahanati.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walisikiliza redio kwa vikundi, halafu wakainuka wakachimba vyoo. Hawakuishia kusikiliza. Nasi tusiishie kusoma. Ukuta wa darasa huo hapo. Haya, tuanze!