Jeki au Vipandio kwa Gari la Kulala la Gengi

(Maneno haya yalisemwa katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku hiyo.)



Mwajiri ametuletea karatasi. Anauliza: gengi lataka jeki, au lataka vipandio, vya kusawazisha lori la kulala? Anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, na bei zimekwisha andikwa pembeni. Sisi tunaolala ndani ya lori hilo twasema bei isomwe mwisho. Kwanza yasomwe mambo mengine.

Zamani gengi lilipokwenda mbali lililala ndani ya behewa, nalo behewa liliegeshwa katika njia ya pembeni ya stesheni. Njia ya namna hiyo hujengwa karibu sawa kabisa ili mabehewa yasitoroke, kwa hiyo hakuna aliyeuliza habari za kusawazisha. Siku hizi twasafiri kwa barabara. Lori limejengewa chumba nyuma, kina vitanda sita, jiko na tangi la maji, na jioni huegeshwa popote penye nafasi. Ninyi mnaoijua nchi ya Mau mnajua hakuna uwanja ulio sawa huko. Ukifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, waweza kutafuta mahali palipo sawa mpaka giza likuingie.

Wakubwa wa ofisini husema, "Lalieni mto mkubwa zaidi." Lakini mtu aliyelala kichwa kikiwa chini ya miguu huamka na kichwa kizito, na mtu huyo ndiye asubuhi atakayeshika nyundo njiani. Sufuria ya maji ya ugali huteleza juu ya jiko. Maji ya tangi hukimbilia pembe moja na bomba hukauka. Mlango hujifungua wenyewe usiku. Na wale wenye magari ya safari yenye friji ya gesi ya namna ya zamani wanajua kwamba friji hiyo haipoi ikiinama muda mrefu, maana ndani yake dawa hutembea kwa kuteremka tu, haisukumwi na pampu.

Sasa tuseme juu ya vyombo vyenyewe. Vipandio ni vipande viwili vya mteremko, vya plastiki ngumu au vya mbao, ambavyo magurudumu hupanda mpaka upande wa chini uwe sawa na upande wa juu. Jeki ni za namna nyingi, na hapa ndipo karatasi ya mwajiri ilipochanganya mambo. Imeandika "jeki" kama kwamba zote ni moja.

Iko miguu ya pembeni inayoteremshwa kwa kuzungusha mkono wa chuma. Hiyo kazi yake ni kuzuia gari lisiyumbe watu wanapotembea ndani. Haikutengenezwa kuinua gari. Ukiilazimisha itapinda, au itapindua sakafu iliyofungwa juu yake. Iko jeki ya chupa, ile ya mafuta, ambayo dereva anayo ya kubadili tairi. Na iko miguu minne mikubwa ya mafuta, kama ile ya magari makubwa ya watalii: unabonyeza kitufe, gari lajisawazisha lenyewe. Hiyo ni kitu kizuri, hatukatai. Lakini ni ghali, ni nzito, na uzito wake hutolewa katika mzigo ambao lori laruhusiwa kubeba. Tena bomba la mafuta likipasuka porini na miguu ikakataa kurudi juu, lori haliondoki hapo mpaka aje fundi.

Tunaogopa jambo moja. Tukijibu "jeki" tu, itanunuliwa ile ya bei ndogo, yaani jeki mbili za chupa, na gengi litaambiwa liinue lori kila jioni kwa jeki na mawe. Katika gengi moja tulilofanya nalo kazi jambo hilo lilitendeka. Lori liliegeshwa juu ya udongo mweusi baada ya mvua. Kijana aliingiza mkono apange mbao chini ya ekseli, jeki ikazama upande mmoja, lori likashuka. Kijana amerudi kazini, lakini mkono ule haushiki tena chombo cha kazi.

Tufanye hesabu, maana udongo hausikilizi maneno. Tuseme jeki imebeba kilo 2,000, na kitako chake ni sentimita 10 kwa 10. Hiyo ni kilo 20 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Udongo mweusi uliolowa hauwezi kubeba hayo. Weka chini yake kipande cha taruma la mbao, upana sentimita 25 na urefu 60, na uzito huo huo unakuwa kama kilo moja na theluthi tu kwa kila sentimita. Sisi watu wa reli twajua jambo hili vizuri kuliko mtu ye yote, kwani taruma na kokoto ziliwekwa chini ya reli kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini hata jeki isipozama, lina neno lingine. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiyainua magurudumu hayo yakaachana na ardhi, breki haishiki kitu tena, na lori juu ya mteremko laweza kwenda. Juu ya vipandio magurudumu yote yanabaki yamebeba uzito na breki inafanya kazi. Hii ndiyo sababu kubwa ya sisi kuchagua vipandio. Kabari zikazwe nyuma ya magurudumu upande wa chini wa mteremko, zisiwe mawe yaliyookotwa.

Vipandio navyo vina hila zake. Kwanza ni kimo. Chukueni pimamaji ya metre moja, muilaze juu ya sakafu ya lori kutoka mbele kwenda nyuma. (Vijana watasema wanayo katika simu. Ni sawa, lakini simu ni fupi, na kosa dogo juu ya kitu kifupi huwa kosa kubwa juu ya lori zima.) Inueni ncha ya chini mpaka povu liingie katikati, kisha pimeni nafasi iliyo chini ya ncha hiyo. Tuseme ni sentimita 3. Kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma ni metre 4. Basi upande wa chini wahitaji kuinuliwa sentimita 12. Vipandio vingi vya plastiki vya dukani huishia sentimita 10 hivi. Kwa hiyo ama dereva asogeze lori, ama tuchukue jembe tuchimbe kidogo chini ya magurudumu ya juu. Jembe tayari tunalo, halina bei katika karatasi.

Pili ni uzito. Chombo kikiandikwa tani 5, ulizeni: ni tani 5 kwa kila kipande, au kwa viwili pamoja? Lori letu likiwa na tani 5 juu ya ekseli ya nyuma, kila upande wabeba tani mbili na nusu. Ikiwa maandishi yale ni ya viwili pamoja, basi tumefika ukingoni bila akiba yo yote, na bado watu sita hawajapanda kulala. Lori lipelekwe mizani ya Gilgil au Athi River likiwa limejaa maji na vyombo, kila ekseli ipimwe peke yake, na karatasi ya uzito iwekwe katika faili la gengi.

Tatu, na hili dukani hawatawaambia, ni kwamba nyuma lori letu lina matairi mawili mawili. Kipandio chembamba kitakamata tairi moja tu la pacha hao, na tairi hilo litabeba uzito wa mawili. Kwa hiyo vya nyuma lazima viwe vipana vya kubeba yote mawili. Karakana yaweza kuvitengeneza: ubao mgumu wa unene wa sentimita 5, juu yake ubao wa pili ulio mfupi kwa sentimita 30, vimefungwa kwa bolti, na ncha zimechongwa mteremko. Sehemu ya juu iwe ndefu kiasi cha tairi kukaa lote, lisining'inie.

Mtu ataniambia yako mataruma ya mbao yaliyotolewa madarajani. Yapo, lakini yachukuliwe kwa karatasi ya ruhusa, mtu asije akaitwa mwizi wa mali ya reli. Tena yamelowa dawa nyeusi ya kuzuia mchwa. Yashikwe kwa glavu, na vipande vinavyobaki mpishi asivipikie.

Yako pia maneno ya sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe vyombo na njia za kazi zilizo salama, na awafundishe watu kuvitumia. Kumpa mtu jeki ya chupa na kumwambia ajipatie mawe si kutimiza sheria hiyo. Haya yaandikwe katika jibu letu kwa adabu, lakini yaandikwe.

Basi, Ndugu Mwenyekiti, twaomba mkutano uamue hivi. Jibu letu liwe: vipandio jozi mbili, jozi ya nyuma iwe pana ya kutoshea matairi pacha; kabari nne; pimamaji moja ya metre moja; na miguu ya pembeni minne ya kuzuia kuyumba, ambayo itateremshwa baada ya lori kusawazishwa, si kabla. Jeki ya chupa ibaki ya kubadili tairi tu, pamoja na kibao chake na vigogo viwili vya kuwekwa chini ya ekseli kabla mtu hajaingiza hata kidole. Na mtu asiwe ndani ya chumba wakati dereva anapanda.

Wanaokubali wainue mikono, katibu ahesabu.