Redio Zimeongezeka, Nyimbo Zetu Zimepungua

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wakazi wa kata katika mkutano kuhusu huduma za maktaba na utamaduni. Yanachapishwa hapa kwa ukamilifu.



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida halimo katika ajenda za kata. Tumezoea kukutana hapa kujadili maji, barabara, zahanati na madarasa. Leo naomba tujadili muziki, na naomba msinione nimepotea njia. Muziki uliopigwa katika mkoa wetu wa Morogoro ni urithi wetu sote, na urithi huo kwa miaka mingi ulikuwa na mtunzaji, naye ni redio. Mtunzaji huyo sasa ana shughuli nyingine. Nimekuja kueleza kwa nini kazi hiyo imeangukia mikononi mwetu, na kwamba ni kazi yenye raha kuliko mnavyodhani.

Utangazaji wa redio katika nchi hii ulianza mwaka 1951, kwa kituo kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam. Baada ya Uhuru tukawa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa miongo kadhaa hicho ndicho kilichokuwa kituo cha msikilizaji wa Tanzania Bara. Vijana waliopo hapa huenda wasijue kwamba kituo kile hakikuwa kikitangaza nyimbo tu, kilizirekodi. Hatukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri hapa nchini. Bendi ilisafiri na vyombo vyake hadi Dar es Salaam, ikaingia studio, ikapiga, na wimbo ukanaswa katika utepe wa sumaku. Nyimbo zilizobahatika zilifyatuliwa santuri Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, hata njia hiyo ikawa nyembamba.

Matokeo yake ni haya: nyimbo nyingi za miaka ya sabini na themanini hazikupata kuwa santuri wala kuuzwa dukani. Ziliishi mahali pawili tu, katika rafu za redio na katika masikio ya wasikilizaji. Uhai wake ulitegemea kupigwa hewani.

Sisi wa Morogoro tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Mji wetu unaoitwa mji kasoro bahari ulikuwa na bendi mbili zilizotikisa Afrika Mashariki. Salum Abdallah aliongoza Cuban Marimba hadi alipofariki mwaka 1965, na Juma Kilaza akaushika usukani. Upande wa pili ilikuwapo Morogoro Jazz, ambayo gitaa na sauti ya Mbaraka Mwinshehe viliifikisha mwaka 1970 hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Mbaraka aliondoka mwaka 1973 akaunda Super Volcano, na Januari 1979 akafariki nchini Kenya kwa ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 34. Majina hayo makubwa hayatapotea. Ninayoyahofia ni majina yaliyo nyuma yao: mpiga besi, mpuliza tarumbeta, na bendi ndogo za wilayani zilizopiga kwenye kumbi za vilabu na sikukuu, ambazo hazikuacha santuri hata moja.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa vituo vya watu binafsi. Hilo lilikuwa jambo jema, na sitaki tulirudishe nyuma. Lakini tazameni kilichotokea. Vituo viliongezeka, na muziki wa mahali ukazidi kupungua hewani. Kituo huishi kwa matangazo ya biashara, na mwenye tangazo humtafuta kijana mnunuzi. Orodha ya nyimbo hupangwa mapema katika kompyuta, na wimbo uliomo leo hurudiwa kesho na keshokutwa. Wimbo uliobaki kwenye utepe au kaseti haumo katika kompyuta hiyo, kwa hiyo hauwezi kuchaguliwa, hata kama mtangazaji anautaka. Kadhalika mashine za kuchezea tepu zimeharibika na mafundi wake wamezeeka. Mtangazaji aliyeijua rafu nzima kwa kichwa amestaafu, na elimu yake ameondoka nayo.

Siwalaumu vijana wala Bongo Fleva. Kila rika na ngoma yake. Ninachosema ni kwamba mtoto anayekua katika kata hii anaweza kusikiliza redio mwaka mzima asisikie bendi hata moja iliyozaliwa maili chache kutoka kitandani kwake, na hatajua kwamba kuna kitu alichokikosa.

Basi nani atatunza? Watunzaji wapo tayari, ila hawajui kwamba ni watunzaji. Ni yule bibi mwenye kaseti ishirini katika sanduku la bati chini ya kitanda, na yule mzee mwenye santuri juu ya kabati la vyombo. Katika nyumba zetu kuna aina moja ya kaseti ambayo watu huidharau. Ni ile iliyorekodiwa moja kwa moja kutoka redioni, ambamo mtangazaji anazungumza juu ya mwanzo wa wimbo, na jogoo anawika uani. Mimi ninaithamini kuliko zote. Mtangazaji yule anayeonekana kuharibu wimbo ndiye anayeutaja jina lake, bendi yake na pengine mtunzi wake. Baada yake zinafuata salamu kwa jamaa wa Kilosa, Mahenge na Ifakara. Msikilizaji aliyebonyeza vitufe viwili vya redio kaseti jioni ile alihifadhi wimbo, na pamoja nao akahifadhi watu waliokuwa wakiusikiliza.

Sasa niseme kidogo juu ya raha yenyewe. Santuri ndogo ya mizunguko 45 hubeba dakika chache kila upande, na wimbo wa dansi ulikuwa mrefu kuliko hapo. Mara nyingi waliukata vipande viwili: upande wa kwanza mashairi, upande wa pili chemko, pale magitaa yanapoachiwa yajibizane. Mtu aliyeuzoea wimbo kwa upande mmoja akaja kuugeuza upande wa pili, hupata wimbo mpya ndani ya wimbo anaoujua. Raha nyingine ni ya upelelezi. Una kaseti isiyo na jina. Unamwendea mzee mmoja, anakwambia gitaa hili si la fulani, sikiliza linavyoitikia. Unamwendea wa pili, anabisha. Wanakutanishwa, wanabishana alasiri nzima huku chai ikipoa, na mwisho unaondoka na jina la mwimbaji, jina la ukumbi, na mwaka uliokaribia ukweli. Sijui burudani nyingine ya bei hiyo inayoketisha mjukuu na babu mahali pamoja kwa saa tatu.

Lakini muda haupo upande wetu. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kaseti huoza. Joto huulegeza utepe, unyevu huuotesha ukungu, na kaseti za dakika 90 zina utepe mwembamba kuliko za dakika 60, kwa hiyo hukatika upesi. Naomba mzingatie haya machache.

Kwanza, vunjeni vile vibati viwili vya plastiki vilivyo nyuma ya kaseti, ili mtoto asiirekodie juu kwa bahati mbaya. Pili, simamisheni kaseti na santuri wima kama vitabu, mbali na jua, jiko na spika, kwa kuwa spika ina sumaku. Tatu, mkiona ukungu mweupe juu ya utepe, msiicheze, kwani ukungu huo utahamia katika mashine na kutoka hapo katika kaseti nyingine. Nne, kabla ya kucheza kaseti iliyolala miaka mingi, izungusheni mbele na nyuma kwa utaratibu, na msafishe kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti.

Kuhamishia katika kompyuta si kazi ngumu, inataka subira. Kaseti ya saa moja huchukua saa moja, haikubali haraka. Faili lililobanwa kwa ajili ya simu ni dogo, lakini limepunguzwa sauti zisizorudi tena. Nakala ya kutunza iwe faili kamili lisilobanwa, ambalo kwa saa moja hufikia takribani megabaiti 600. Ziwepo nakala tatu, na moja ilale katika nyumba nyingine, kwa sababu moto na mwizi havichagui. Zaidi ya yote, andikeni: nani anaimba, bendi gani, imetoka kwa nani, ilirekodiwa wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na nyimbo, alikuwa na mashine nzuri, lakini kilichozifanya kanda zake zitumike hadi leo katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954 ni maelezo yaliyoandikwa pamoja nazo.

Neno la tahadhari: kumiliki kaseti si kumiliki wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi, waimbaji na warithi wao. Tunakusanya ili kutunza na kukumbuka. Atakayetaka kuuza, na awatafute wenye haki kwanza.

Nimalizie kwa maombi matatu. Kwa Halmashauri, ninaomba meza moja katika maktaba, kompyuta moja na mashine moja ya kaseti iliyo nzima, pamoja na alasiri moja kila mwezi ambapo mkazi ataleta kaseti yake, inakiliwe mbele ya macho yake, na aondoke nayo. Asiachiwe mtu yeyote urithi wa nyumba kwa ahadi ya mdomo. Kwa vituo vya redio vinavyosikika hapa, ninaomba saa moja tu kwa wiki, na wazee wetu waalikwe studioni waeleze wanachokisikia. Nyimbo tutaleta sisi, na ruhusa za wenye haki tutasaidiana kuzitafuta.

Kwenu wakazi, ombi langu halihitaji bajeti. Mkifika nyumbani leo, fungueni lile sanduku. Mhesabu kaseti na santuri zilizomo, kisha mketi na mtu mzee kuliko wote katika nyumba, mchezeni wimbo mmoja, na muandike anachosema. Utepe unaweza kusubiri mwaka mmoja au miwili zaidi. Anayezitambua sauti zilizomo huenda asisubiri.