Herufi moja kwenye karatasi

(Maneno ya katibu wetu kwa mkutano wa wanachama, Kalemie. Tumeyaandika karibu vile alivyoyasema.)



Komite imeniomba niseme juu ya vitu vidogo. Najua wengine watasema: "Mama katibu naye! Watu hawana mabati, hawana shamba, yeye anakuja kutuambia mambo ya herufi." Nisikilizeni kwanza, kisha mtanihukumu.

Mimi nilirudi na watoto wanne. Binti yangu wa pili alizaliwa kambini, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kigoma. Kwa karatasi ya kambi waliandika jina lake Mwamba, na w. Tulipofika hapa, shule ikaandika Muamba, na u. Ile tofauti niliiona. Nikasema: sauti ni ile ile, mtoto ni yule yule, haina neno. Miaka ikapita. Alipofika mwaka wa sita wa sekondari, wakati wa kuandikishwa kwa mtihani wa leta, wakaweka karatasi mbili mezani. Wakauliza: "Mwamba na Muamba, hawa ni watoto wawili?" Hapo njo taabu ilianza. Enda, rudi. Kesho, kesho kutwa. Fotokopi, pikipiki, franka za huku na franka za kule. Pesa niliyoweka kwa kununua mbegu za mahindi ikaisha yote. Mtihani aliufanya, Mungu asifiwe, lakini msimu ule shamba langu lilibaki majani. Herufi moja ilikula shamba. Na kosa la kwanza halikuwa la biro. Lilikuwa langu, juu niliona nikanyamaza.

Kwa nini sisi tuliorudi tunapatwa na hii kuliko wengine? Sababu iko wazi. Wengine tulikaa Lugufu na Nyarugusu kule Tanzania, wengine Mwange na Kala kule Zambia. Kila mahali watu wanaandika kwa desturi yao. Mtanzania anaandika vile anavyosikia kwa Kiswahili. Hapa kwetu leta inafuata desturi ya Kifaransa. Ndiyo maana Kyungu anakuwa Kiungu, na Ngoy anakuwa Ngoi.

Halafu kuna mpango wa majina. Kule Tanzania mtu anataja jina lake, jina la baba, jina la babu. Hapa Kongo tunaandika jina, tunafuatisha jina la pili, na jina la ubatizo linakuja mwisho. Mtoto wetu anaweza kukosa kabisa jina la baba yake ndani ya majina yake, na si kosa. Lakini kambini waliuliza "baba yake ni nani?" na wakaliweka jina la baba katikati. Leo huyo mtoto yuko na jina ambalo nyumbani hakuna anayemwita.

Wazee nao wako na yao. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kizungu kwa karatasi za leta. Waliozaliwa miaka ile, cheti chao hakina Jean wala Marie. Ila kambini walijulikana kwa Jean na Marie. Na wale wasiojua siku yao ya kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari. Kuna nyumba hapa, baba, mama na shangazi wote walizaliwa siku moja! Mnacheka, lakini siku ya kugawa urithi hamtacheka.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mtoto akizaliwa, usingoje. Sheria ya familia ya mwaka 1987, vile ilivyotengenezwa upya mwaka 2016, inatupa siku 90 za kumwandikisha kwa etasivili. Zikipita, njia inakuwa ndefu: inaomba hukumu ya tribinali.

Pili, kabla ya kutia kidole au sahihi, karatasi isomwe. Kama hujui kusoma, si haya. Omba mtu akusomee kwa sauti, herufi kwa herufi. Angalia majina na mpango wake, tarehe, mahali pa kuzaliwa, na jina la mama. Omba mwezi uandikwe kwa neno, usiwe namba tupu. Ukiona kosa, sema pale pale, kwa heshima. Kosa la leo linarekebishwa kwa dakika tano. La miaka kumi linakula mbegu.

Tatu, usirekebishe mwenyewe na biki. Karatasi iliyokwaruzwa ni karatasi iliyokufa.

Nne, namna ya kuweka. Mwaka 2024 ziwa lilipanda, maji ikaingia kwa nyumba za watu hapa Kalemie. Tia karatasi ndani ya plastiki, uifunge vizuri, uiweke juu. Fotokopi moja ikae kwa ndugu anayekaa mbali na maji.

Sasa neno kwa wafadhili, na kwetu sisi wa komite. Siwezi kuwafundisha wengine nikaficha ya kwetu. Tulipogawa majembe, kitabu kilionyesha mama mmoja alipokea mara mbili. Watu wakaanza kunung'unika, wengine wakataka atolewe kwa shirika. Yule mama alilia mbele yetu. Tulipouliza vizuri, kumbe ni mama wawili, jina moja, kartie mbili. Sisi ndio tulioandika vibaya. Tulimwomba msamaha mbele ya wote. Tangu siku ile, kwa kila mstari tunaandika pia jina la mama mzazi na kartie, na mtu anatia kidole chini ya macho ya watu wawili. Inachelewesha kazi, ndiyo. Lakini jina zuri la mtu likisha kuharibika, hakuna mfadhili anayeweza kulinunua tena.

Ndugu zangu, sisi tuliacha nyumba, mbuzi, na makaburi ya wazee wetu. Kitu tulichobeba bila kulipa nauli ni jina. Tusikubali lipotee kwa uvivu wa kusoma mstari mmoja.

Kila Jumamosi asubuhi vijana wetu wawili wanaojua kusoma vizuri watakaa hapa. Leteni karatasi zenu, hata zile mnazoona ziko sawa. Zaidi zile mnazoona ziko sawa.