Msichana akitaka kuigiza



Mzazi wa hapa Dodoma, awe wa Nkuhungu, Chang'ombe au Kikuyu, binti yake akimwambia kwamba anataka kuwa daktari, humwombea heri. Akisema anataka kuwa mwalimu, humkubalia. Lakini binti huyo huyo akisema anataka kuwa mwigizaji, nyumba nzima hunyamaza. Baba hujiuliza amekosea wapi katika malezi. Mama huuliza ni nani aliyemharibia mtoto. Majirani nao wana neno lao tayari: uhuni.

Leo nataka tulipime neno hilo kwa maisha ya mama mmoja, Profesa Amandina Lihamba.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1944 mkoani Morogoro, nchi ikiwa bado chini ya Mwingereza. Televisheni hatukuwa nayo. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza mwaka 1994. Mwigizaji wa kizazi chake alisimama jukwaani mbele ya watu, jasho likimtoka, wala hakuwa na nafasi ya kurudia alipokosea. Kazi hiyo ilitaka nidhamu kabla ya kutaka sura nzuri.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako sanaa za maonyesho zilianza kufundishwa katika miaka ya 1960, Lihamba aliigiza, akaongoza michezo, akaandika na akafundisha. Mwaka 1980 ilitoka tamthilia yake ya Hawala ya Fedha, iliyotokana na kisa cha Ousmane Sembène wa Senegal. Ni habari ya mtu aliyepelekewa hawala, kisha akahangaishwa maofisini mpaka fedha ikawa mzigo kwake. Mwaka 1982, pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, alitoa Harakati za Ukombozi. Mwaka 1985 alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na tamthilia nchini baada ya Azimio la Arusha. Sijapata kusikia chuo kinachotoa udaktari kwa uhuni.

Wengine watasema: basi aliacha maigizo, akawa msomi, na ndiyo maana anaheshimika. La hasha. Mwaka 2001 ilitoka filamu ya Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, ambayo Tanzania iliipeleka kuwania tuzo ya Oscar. Humo profesa huyu aliigiza kama Samehe, mwanamke aliyelazwa hospitalini, aliyefungwa kinywa na mambo yaliyompata. Mwigizaji asiye na maneno hana pa kujificha. Lazima uso, mikono na pumzi viseme. Huo ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa.

Ajabu ni kwamba aliyeigiza mwanamke asiyesema ndiye yeye na wenzake, akiwamo Profesa Penina Mlama, waliowafundisha wasichana kusema. Mwaka 1996 ulianza mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza, ingawa kuutekeleza kunataka moyo. Wasichana hukaa wenyewe na kutaja yanayowazuia kusoma: mimba, safari ndefu ya kwenda shule, kazi za nyumbani zisizokwisha, mwalimu anayewataka. Huchunguza chanzo cha kila jambo, halafu hulitungia mchezo. Mchezo huonyeshwa mbele ya walimu, wazazi na viongozi, na baada ya hapo watu hujadiliana nini kifanyike. Binti ambaye asingethubutu kumwambia mkubwa jambo ofisini, hulisema jukwaani na mkubwa akalisikia. Baadaye utaratibu huo ulivuka mipaka, ukachukuliwa na shirika la FAWE katika nchi nyingine za Afrika.

Sasa niulize: hapo uhuni uko wapi? Uko kwa msichana anayeigiza, au kwa yule anayeigizwa?

Siwabezi wazazi. Hofu yao ina sababu. Wapo wanaojiita waongozaji ambao humtaka binti mwili kabla ya kumpa nafasi, na wapo wanaomfanyisha kazi mwezi mzima bila mkataba, wakamlipa nauli ya daladala. Lakini watu wa namna hiyo wamo pia maofisini, viwandani na madukani, na hakuna anayesema binti asiajiriwe ofisini. Tunachosema ni kwamba mkosaji ashtakiwe. Kwa nini kwenye sanaa tunamhukumu binti badala ya mkosaji?

Kwa hiyo, mzazi, usikimbilie fimbo. Muulize mwanao anataka kujifunza wapi, chini ya nani, na kwa mkataba gani. Mwambie amalize shule, maana mwigizaji asiyejua kusoma atatia sahihi chochote. Chuo cha Bagamoyo kipo tangu mwaka 1981.

Na tusiseme kwamba mwanamke kusimama mbele ya watu ni jambo la kuletwa. Sisi wa Ugogo tuna muheme, ngoma ambayo wapigaji wake ni wanawake. Akina bibi walizibana ngoma hizo katikati ya mapaja, wakazipiga kijiji kizima kikiwatazama, na hakuna aliyewaita wahuni. Waliitwa mama, wakapewa heshima yao.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Walijua kuwa asiyetunzwa kwao huenda kucheza ugenini, mahali ambapo hana wa kumtetea. Binti wa Nkuhungu mwenye kipaji atacheza tu. Sisi tuamue kama atacheza tukimwona, au atacheza tusikojua.