Chemchemi ikishajengewa

Magharibi mwa Kenya, Busia na Kakamega, familia nyingi za vijijini hunywa maji ya chemchemi. Kuilinda chemchemi hakuhitaji mitambo: jicho la maji huzungushiwa mawe na kokoto, hufunikwa kwa saruji, maji yakatokea bombani, na juu yake huchimbwa mtaro wa kuepusha maji ya mvua. Kazi hiyo inafaa. Utafiti wa mwanauchumi Michael Kremer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha uchafu wa kinyesi chemchemini ulipungua kwa asilimia 66, na kuhara kwa watoto kukapungua kwa robo.

Lakini maji yaliyofika nyumbani hayakuwa safi kiasi hicho. Tazama mtungi wa lita 20 uliozibwa kwa majani, ndani umeota utelezi wa kijani. Nyumbani maji humiminwa chunguni, na kila mwenye kiu huchovya kikombe humo humo, vidole vikagusa maji.

Kwa hiyo, wasikilizaji, serikali za kaunti zisiridhike na bomba na saruji. Pale pale chemchemini pawekwe klorini, itiwe mtungini maji yanapotekwa, iendelee kuua vijidudu hadi nyumbani. Tena iwe ya bure, kwani ikiuzwa, hata kwa bei ndogo, familia nyingi huiacha. Na ikiisha, ajulikane nani wa kuileta, fedha zake zikiwa tayari katika bajeti ya kaunti.