Mahindi Yaliyokataliwa Huenda Wapi?

Mada iliyotolewa mbele ya wauza nafaka, wenye mashine za kusaga na walaji



 Tumekuja kuzungumza juu ya sumukuvu, jambo ambalo wengi wenu mmelisikia redioni na baadhi yenu, tunajua, mmekwisha kulichoka. Kwa kawaida maelezo yetu huanzia shambani na kuishia ghalani. Leo tutaanzia kwenye ungo, pale mama anapochambua mahindi au karanga na kutenga pembeni punje zilizooza, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na dumuzi. Swali letu ni moja tu: punje hizo zikishatengwa, huenda wapi?

Hata ujuzi wa wanasayansi juu ya sumu hii ulianzia kwenye masalia. Mwaka 1960 nchini Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000, na kwa kuwa hakuna aliyejua sababu, ugonjwa ule ukapewa jina la X. Uchunguzi ulipofanyika, ikabainika kwamba ndege wale walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, yaani mabaki ya karanga zilizokwisha kukamuliwa mafuta. Ndani ya mashudu hayo mlikuwamo sumu iliyotengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus flavus, na kutokana na jina hilo sumu ikaitwa aflatoksini. Sisi huku tunaiita sumukuvu.

Yaliyowapata bata mzinga yamewapata watu pia. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na kati yao 125 wakafariki. Watafiti waliofuatilia walibaini kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi katika kaya zilizoingiza ndani ya nyumba mahindi ambayo hayajakauka. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu: katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68, na 20 wakapoteza maisha. Macho na ngozi ya manjano, tumbo kuvimba, kutapika. Ini lilikuwa limeshindwa kazi. Hawa hawakula chakula cha ajabu. Walikula ugali.

Hao ni wale waliokula sumu nyingi kwa muda mfupi. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka haoni dalili yoyote, lakini Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeiweka sumukuvu katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwenye homa ya ini aina ya B yumo katika hatari kubwa zaidi, kwani maradhi hayo na sumu hii hulishambulia ini lilelile.

Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mahindi yawe na sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 kwa kilo. Tuliweke jambo hili kwa lugha ya barabarani: lori la tani 30 linavuka kiwango likiwa na sumu inayozidi gramu 0.3, sawa na chumvi unayoibana kwa ncha za vidole viwili. Aidha, sumu hiyo haisambai sawasawa. Gunia moja laweza kuwa safi na la jirani yake likawa na punje chache zenye sumu ya kutosha kuharibu unga wote. Ndiyo maana tunapochukua sampuli tunachoma kila upande wa shehena, na ndiyo maana tunaomba msikasirike tunapokataa kupima konzi moja mliyotuletea mfukoni.

Wapo wanaotuuliza kama moto hauimalizi. Jibu ni hapana. Joto la sufuria ya ugali huua kuvu, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa hubaki. Kukaanga karanga hupunguza kiasi fulani tu. Kukoboa husaidia zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye ganda na kiini, na hivyo sembe huwa na sumu pungufu kuliko dona ya mahindi hayohayo. Hatusemi muache dona, maana ina lishe ambayo sembe imeipoteza. Tunasema anayekula dona anapaswa kuyajua mahindi yake vizuri zaidi kuliko anayekula sembe.

Lakini kile kilichokobolewa nacho kimekwenda wapi? Pumba zimepewa ng'ombe na kuku. Ng'ombe wa maziwa akila chakula chenye sumukuvu, sehemu ya sumu hiyo hubadilika mwilini mwake na kutokea kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Anayeyanywa zaidi ni mtoto.

Njia hiyo si ya pumba peke yake. Tunapopita masokoni tunaona karanga nzima, nono, zikipangwa mbele kwa ajili ya wanaokaanga. Zilizovunjika na kusinyaa hushushwa bei, kisha husagwa. Ukishasaga, jicho la mnunuzi halina kazi tena. Karanga hizo huingia katika unga wa lishe, ule anaokorogewa uji mtoto wa miezi minane ambaye mama yake amenunua kilicho rahisi kwa nia njema kabisa. Mahindi yaliyooza nayo hupata wateja kwa watengenezaji wa pombe za kienyeji na wa vyakula vya mifugo. Kwa hiyo kuchambua peke yake kumemlinda mwenye fedha, na sumu imeteremka kwa asiye nazo.

Katika soko mojawapo mama mmoja muuza nafaka alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Wanangu, mimi debe hili nimelinunua kwa mkopo. Mnaniambia nilitupe. Nani atanilipa?" Hatukuwa na jibu, na hata leo hatulileti jibu kamili. Mwenye nafaka safi na mwenye nafaka chafu huuza kwa bei ileile. Basi anayechambua kwa uaminifu ndiye anayepata hasara. Tumekwisha kulieleza jambo hili kwa wanaotutuma, na tutaendelea. Machi 2021, Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, wafanyabiashara wengi waliona kwa macho yao kwamba hasara ya debe moja ni ndogo kuliko ya mpaka uliofungwa.

Mpaka hapo bei itakapotofautishwa, njia iliyo mikononi mwenu ni kupunguza makapi kabla hayajawa makapi. Mahindi yavunwe mara yanapokomaa, yaanikwe juu ya turubai au kichanja wala si juu ya udongo, na yasiingie ghalani kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5. Asiye na kipimo atumie chumvi. Ichukue chumvi iliyokaushwa vizuri, uitie katika chupa kavu ya kioo pamoja na konzi ya mahindi, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha mahindi juani. Isipoganda, usifurahi haraka: anika tena siku moja au mbili.

Kwa wakulima, watafiti wa IITA yenye makao yake Ibadan, Nigeria, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, wameandaa Aflasafe, ambayo imesajiliwa pia nchini mwetu. Ni punje za mtama uliouliwa uwezo wa kuota, zilizopakwa kuvu wa jamii ileile lakini wasiotengeneza sumu. Humwagwa shambani wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua, kilo 4 kwa ekari, ili kuvu hao wawahi nafasi ambayo ingechukuliwa na wenye sumu.

Ninyi wanunuzi, karanga za unga wa mtoto zinunueni zikiwa nzima, mzichambue wenyewe, ndipo mzipeleke mashineni. Na zile mlizozitenga, msimpe kuku wala msimuuzie jirani. Za nyumbani zifukieni katika shimo refu, mbali na kisima. Za dukani mwoneni afisa afya wa kata ili ziteketezwe kwa usimamizi.

Tumekuja na kipima unyevu kimoja na chupa sita za chumvi. Vyote vipo kwenye meza ile karibu na mlango. Waliokuja na mahindi yao wasogee, tuanze na wenzetu waliotoka mbali.