Kodi ya Miezi Sita Haikuchagulii Mpangaji

Msikilizaji, kupata mpangaji Dar es Salaam si kazi. Iwe Sinza, Tabata au Mbagala, mwambie dalali una chumba, na kesho asubuhi atakugongea mlango akiwa na mtu. Kazi ni kumjua huyo mtu.

Wenye nyumba wengi wana kipimo kimoja: kodi ya miezi sita mkononi. Tuseme chumba na sebule ni laki moja na nusu kwa mwezi. Mtu akikuhesabia laki tisa taslimu, kafaulu. Funguo hizi hapa, karibu. Lakini laki tisa zinaonyesha kuwa leo anazo. Za mwezi wa saba hakuna anayezijua.

Dalali naye usimtwishe mzigo huo. Ujira wake, kodi ya mwezi mmoja, anaupata siku mpangaji anapoingia. Akihama upesi, dalali kapata biashara nyingine.

Kwa hiyo mwenye nyumba, uliza mwenyewe. Nenda alikokuwa anakaa, na usiishie kwa mwenye nyumba wake. Anayetaka kumtoa mpangaji msumbufu atamsifia ili umchukue. Ongea na mjumbe, ongea na mangi wa dukani: huyu bwana analipa madeni yake?

Kisha andikianeni mkataba, wenye mashahidi. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo mkikosana, kitakachoangaliwa kwanza ni mlichokubaliana. Andikeni tarehe ya kulipa, muda wa notisi, na umeme mtauchangiaje. Hili la umeme usilidharau. Nyumba ina LUKU moja. Huyu ana friji na pasi, jirani yake ana taa mbili na chaja ya simu, na kila mmoja anatozwa elfu kumi. Atakayehama kwanza ni yule wa taa mbili, mtulivu, asiyedaiwa hata shilingi.

Maana mpangaji mwaminifu naye anachagua. Choo kikiziba wiki nzima na simu hupokei, hatagombana nawe, atatafuta kwingine.

Wenye nyumba, kabla ya kupokea hizo laki tisa, pandeni daladala mkaulize alikotoka. Nauli ya kwenda na kurudi haifikii hasara ya mwezi mmoja usiolipwa.